Zamu ya Maji na Daftari la Mahudhurio

Kila ninapoketi kwenye semina na kusikia kwamba saa za kazi zenye unyumbufu ni jambo jipya lililoletwa na intaneti, huwakumbuka watu wa Njukini. Kwetu maji ya mfereji hayajui saa mbili asubuhi wala saa kumi na moja jioni. Yanatoka chini ya Kilimanjaro usiku na mchana, na kamati ya mfereji ndiyo inayoyagawa: wewe zamu yako asubuhi, jirani yako alasiri, na mwingine, bila kosa lolote, saa nane ya usiku. Ukilala zamu ikakupita, mahindi yako yatangoja mpaka mzunguko urudi. Basi mtu huamka na jembe na tochi, akafungua tuta, akasimama kwenye matope hadi mstari wa mwisho unywe, na alfajiri akarudi nyumbani kuoga ili awahi kazi ya kuajiriwa.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Njukini iko upande wa Taveta nchini Kenya, kwenye barabara iendayo Illasit na Oloitokitok. Rombo ya Tanzania iko karibu kiasi kwamba simu yako yaweza kushika mtandao wa huko ukiwa umekaa uani kwako, ikakukaribisha nchi ambayo hujaenda. Upande wa pili ni Tsavo Magharibi, na ndovu wa huko hawajawahi kusoma kibao cha mpaka wa mbuga. Mahindi yakianza kukomaa, vijiji hukesha kwa mikebe na mienge. Ukijumlisha zamu ya maji, ndovu, na soko la Taveta la Jumatano na Jumamosi, utaona kwamba wiki ya mtu wa kule ilikuwa imeshapangwa kabla mwajiri hajaweka yake juu.

Mimi nilikuwa karani. Baada ya shule nilipata kazi katika shamba la nyanya, vitunguu na miche, la mwalimu mmoja mstaafu ambaye kila mtu alimwita Mwalimu, hata wale ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake. Alikuwa mtu wa haki, na alikuwa ameuhamisha utaratibu wa shule kama ulivyo. Kwenye mti wa mwembe karibu na stoo ilining'inizwa rimu ya lori, na saa moja kamili asubuhi msimamizi aliigonga kwa nondo. Aliyefika baada ya mlio huo alihesabiwa nusu siku. Daftari la mahudhurio lilikuwa mikononi mwangu: kalamu ya buluu kwa waliowahi, nyekundu kwa waliochelewa. Mwisho wa mwezi wino mwekundu ulikuwa unageuka shilingi zilizokatwa.

Karani huona kitu ambacho wengine hawakioni, kwa sababu yeye ndiye hugeuza kurasa. Wekundu ule haukuwa umetapakaa ovyo. Kulikuwa na mama mmoja aliyechelewa mara moja kila wiki, na siku yake ilihama taratibu kadiri mzunguko wa mfereji ulivyohama. Kulikuwa na vijana wawili, ndugu, ambao hawakuchelewa mwaka mzima isipokuwa majuma ya mahindi kukomaa. Na kila Jumatano na Jumamosi mistari mizima ilikuwa mitupu, kwa kuwa akina mama walikuwa wameondoka na boda boda ya kwanza kupeleka ndizi zao Taveta. Mwalimu alikuwa akiuita uvivu. Mimi niliuona ni kalenda.

Siku moja mama wa mizani, yaani yule aliyekuwa akipima kreti za nyanya kabla hazijapakiwa, aliingia ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa kona ya stoo iliyotengwa kwa mbao. Alikuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi, ile miezi mitatu yenye malipo kamili iliyowekwa na Sheria ya Ajira ya 2007, na mtoto amemwacha kwa bibi yake ng'ambo ya mfereji.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu, ila maziwa yananitoka na yeye kule analia. Siombi siku ya bure. Naomba nitoke saa nne na saa nane, nimnyonyeshe, nirudi. Muda huo nitaulipa jioni."

"Na nani atapima?"

Lilikuwa swali la haki, na ndilo swali ambalo huua maombi mengi ya namna hii. Mwajiri huuliza nani atapima, hakuna anayejibu, na mambo yanaishia hapo. Siku ile alijibu mama mwenyewe: alimtaja kijana wa kubeba kreti ambaye alikuwa akimtazama kila siku akisogeza kile chuma cha mizani na tayari alijua kusoma kilo. Mwalimu akamwita, akampimisha kreti tatu mbele yetu. Zote zilikuwa sawa. Tangu siku hiyo shamba lilikuwa na wapimaji wawili badala ya mmoja. Miezi kadhaa baadaye mama wa mizani alipopata malaria wakati lori la wanunuzi liko mlangoni, hakuna aliyehangaika. Hilo Mwalimu alilikumbuka kuliko hotuba yoyote ambayo ningeweza kumpa.

Wakati ule Sheria ya Afya ya 2017 ilikuwa bado haijatungwa. Leo ipo, na inamtaka mwajiri amtengee mama sehemu ya kunyonyesha au kukamulia maziwa, pamoja na mapumziko ya ziada ambayo jumla yake haizidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Ukivuka mpaka, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mashamba ya pande hizi mbili yanapata maji ya mlima mmoja, lakini mtoto wa Rombo ana saa moja zaidi ya mtoto wa Njukini, kwenye karatasi angalau. Sijui ni waajiri wangapi wa Taita Taveta wana hicho chumba. Mimi nimeingia ofisi nyingi nikaonyeshwa choo.

Suala la siku za soko ndilo lililochukua muda mrefu, na ndilo lililonifunza zaidi. Mwalimu alikuwa ameamua kuwafuta kazi wote waliokosa Jumatano. Nilimwomba anipe siku chache, nikachukua madaftari mawili, la mahudhurio na la mauzo, nikayalaza pamoja kwenye meza. Wanunuzi wa nyanya walikuwa wakija Jumanne na Ijumaa, jioni, ili mzigo ufike sokoni alfajiri ya siku ya pili. Kwa hiyo uchumaji mkubwa ulikuwa Jumanne na Ijumaa. Jumatano na Jumamosi, siku ambazo tulikuwa tukiwapigania watu waje, hapakuwa na nyanya iliyoiva ya kuchuma. Waliobaki shambani walikuwa wakipalilia palipokwisha kupaliliwa na kuhamisha miche kutoka kivuli hiki kwenda kile. Shamba lilikuwa linalipa mshahara wa siku mbili ili liwaone watu wakiwa wamesimama.

Nilimwonyesha. Alinyamaza, akavua miwani, akaivaa tena, akapitia hesabu kwa kidole kama mtu anayesahihisha mtihani. Kisha akaita mkutano chini ya mwembe.

Kilichoamuliwa pale hakikuwa cha ajabu. Tulikuwa tukifanya kazi siku sita, saa nane kila siku. Waliotaka waliruhusiwa kufanya siku tano, kila siku ikirefushwa kwa saa moja na nusu, na wakaacha ama Jumatano ama Jumamosi. Ukipiga hesabu utaona nusu saa imepotea kwa wiki. Mwalimu alisema nusu saa haitamfukarisha. Rimu ya lori ikaanza kugongwa saa kumi na mbili asubuhi, jambo lililoleta faida ambayo hatukuitarajia, kwa sababu nyanya ikichumwa bado kuna ubaridi hukaa imara njiani kuliko ile iliyochumwa jua limeshapanda. Mwenye zamu ya maji ya usiku alitakiwa kuandika jina lake kwenye ubao wa stoo siku mbili kabla, akaruhusiwa kuingia saa nne na kufidia saa zake ndani ya wiki hiyo hiyo. Jumanne na Ijumaa hakuna ruhusa kwa yeyote ila mgonjwa na mfiwa. Hilo la mwisho lilipendekezwa na wafanyakazi wenyewe, Mwalimu hakulitaja. Walijua kilipo chakula chao.

Ubao ule naukumbuka vizuri. Ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi, na chaki zilihifadhiwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Upande wa kushoto majina, upande wa kulia siku. Wasiojua kuandika walichora: kuna mzee aliyechora jembe, na mama mmoja aliyekuwa akichora samaki, sijui kwa nini, lakini kila mtu alijua samaki ni nani. Chini kabisa ilikuwa sahihi ya Mwalimu. Kabla ya sahihi hiyo jina lako halikuwa na maana; ikishawekwa, hata msimamizi hakuweza kukutoa. Wino mwekundu ulipungua hadi nikaacha kununua kalamu nyekundu. Na sikumsikia tena Mwalimu akisema neno uvivu, isipokuwa kwa ng'ombe wake mmoja ambaye kwa kweli alistahili.

Tanzania ina kifungu kinachoutambua mpango wa aina hii. Kifungu cha 21 cha sheria yao ya 2004 kinaruhusu wiki ya kazi iliyobanwa: kwa makubaliano ya maandishi mtu anaweza kufanya hadi saa kumi na mbili kwa siku, mradi asizidi siku tano wala saa arobaini na tano za kawaida kwa wiki. Sheria yetu ya Ajira ya Kenya ni kimya hapo. Kifungu cha 27 kinamwambia mwajiri apange saa za kazi, na kinamhakikishia mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mengine yameachwa kwa wanaohusika. Wengi husoma ukimya huo kama katazo, nami nimewahi kukutana na maofisa wa utumishi wanaoapa kwamba saa za kuanzia ni amri ya serikali. Hawajaonyesha ukurasa.

Nisipoeleza upande wa pili nitakuwa nimepamba. Marehemu babu yangu alikata mkonge katika mashamba makubwa ya Taveta, enzi ambazo jina la mlowezi Ewart Grogan lilikuwa juu ya nchi nzima ile, kuanzia Ziwani hadi Jipe. Ngome aliyoijenga katika miaka ya 1930 ingali juu ya kilima, unaiona ukipita njia ya Mwatate. Kazi ya kukata ilikuwa kwa kipimo. Nyapara alikupa kiasi chako cha matita, na ukishakimaliza siku yako imekwisha, hata kama ni saa sita ya mchana. Babu alisimulia kwa majivuno kwamba alikuwa akiingia mashambani giza bado halijatoka, miiba ikimchoma kwenye mapaja, na jua la utosi likimkuta keshaoga mtoni. Huo nao ni unyumbufu, na ni wa zamani kuliko kompyuta.

Ila hadithi yake ilikuwa na sehemu ya pili ambayo aliisimulia kwa sauti ya chini. Walipokuwa wengi wanaomaliza mapema, kipimo kiliongezwa. Matita yaliyokuwa ya nusu siku yakawa ya siku nzima, mshahara uleule. Vijana wenye nguvu walikuwa wamewapimia wazee kazi bila kujua. Baada ya hapo wakataji walijifunza kujikokota, wakamaliza wote kwa wakati mmoja, na nyapara akadhani ndiyo mwisho wa uwezo wao.

Nimeishi na kisa hicho kila ninapoona kampuni ikitangaza kwamba haitajali tena saa, itajali matokeo. Maneno mazuri. Lakini nani anayeweka kipimo, na kinaweza kuongezwa lini? Kama jibu ni meneja peke yake, wakati wowote apendapo, basi tumerudi kwa nyapara, tumempa tarakilishi tu.

Na kuna uhuru mwingine wa saa ambao hauna hata kipimo. Nenda asubuhi kwenye lango la shamba lolote kubwa msimu wa mavuno utawakuta vibarua wamechuchumaa ukutani. Msimamizi anatoka, anahesabu vichwa, wewe na wewe na wewe, wengine mrudi kesho. Kibarua hana saa maalumu na hana siku maalumu, kwa hiyo mtu akitaka anaweza kumwita mfanyakazi huru kuliko wote. Anachokosa ni uwezo wa kusema hapana na bado awe na kazi kesho. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa jumla isiyopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Waajiri wengine hukikwepa kwa kumpumzisha mtu siku mbili tatu kila anapokaribia. Hapo kupindapinda kumekuwa kwa upande mmoja tu, na aliyepindwa ni yule aliyechuchumaa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kampuni yoyote inayojisifu kwamba imewapa watu wake saa huria ni hili: mfanyakazi anaweza kukataa? Mama wa mizani aliweza kuchagua saa nne na saa nane, na aliweza pia kuamua kuziacha saa hizo mtoto alipoachishwa ziwa, akarudi kwenye saa za kawaida bila kuomba msamaha.

Baadaye nilihamia Voi, kwenye ofisi ya kampuni ambayo sitaitaja. Huko nilikuwa chini kabisa ya ngazi ya uhasibu, na saa mbili kamili ilikuwa saa mbili kamili. Nusu ya wenzangu waliteremka kila asubuhi kutoka Wundanyi na Mwatate kwa matatu. Ukungu ukikaa kwenye kona za Wundanyi, dereva mwenye akili huenda polepole, na mlinzi wa Voi, ambaye yuko kwenye jua kali tayari, haamini hadithi ya ukungu. Wanawake wenye watoto wachanga waliruhusiwa kuondoka saa kumi, kama hisani. Iliitwa hivyo hasa, hisani, na ililipwa: hakuna hata mmoja wao aliyependekezwa kupandishwa cheo muda wote niliokuwa pale. Mambo yalibadilika kidogo pale mwenzetu mmoja, mwanamume, na fundi bora wa hesabu tuliyekuwa naye, alipoomba Jumatatu na Alhamisi asubuhi ili ampeleke baba yake kusafishwa figo. Hawakuthubutu kumpoteza, wakampa. Baada ya hapo ikawa vigumu kusema kwamba kuomba saa ni udhaifu wa kike.

Kisha ikaja 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 13. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta alifunga shule na kuwataka waajiri wawaache wanaoweza wafanyie kazi nyumbani. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria kumi na wanne ikaruhusiwa kubeba wanane, na nauli ikapanda. Ofisi iliyokuwa imetuambia kwa miaka kwamba hesabu haiwezi kufungwa nje ya jengo lile iligundua kwa wiki moja kwamba inaweza. Nilibeba kompyuta nikarudi Njukini kwa mama yangu.

Sitadanganya kwamba ilikuwa pepo. Umeme ulikatika ulipotaka. Ili nishike mtandao wa Kenya niliketi upande mmoja wa ua, karibu na banda la mbuzi, kwa sababu upande wa pili simu ilihamia Tanzania na kula salio. Lakini niliamka na mama saa kumi na moja, nikamsaidia kufungua maji zamu ikiwa yetu, na kufikia saa nne ankara zangu zilikuwa zimekwenda. Nilifunga hesabu za mwezi ule mapema kuliko nilivyowahi kufunga Voi. Hakuna aliyenisimamisha kwenye veranda kuniuliza habari za mechi.

Lililonichosha lilikuwa la usiku. Mkubwa wangu, kwa kuwa hanioni, aliamua kwamba nipo wakati wote. Ujumbe wa WhatsApp ulianza kuingia saa tatu usiku, saa nne, saa tano kasoro, na kila mmoja ulimalizika kwa "kwa haraka tafadhali". Saa za ofisi zilikuwa zimeondolewa, na hazikuwekwa saa nyingine mahali pake. Hapo nilielewa jambo ambalo rimu ya lori ya Mwalimu ilikuwa ikilifanya bila sisi kulithamini: jioni nayo iligongwa, na baada ya mlio huo hata yeye hakukutuma.

Sikuwa peke yangu, maana mwaka 2022 seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka Seneti muswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi nje ya saa zake. Shirikisho la Waajiri Kenya liliupinga. Ufaransa inayo sheria ya namna hiyo tangu Januari 2017. Mimi nina mashaka na sheria inayojaribu kuzima simu ya mtu, lakini sina mashaka na mkataba unaosema: kati ya saa nne na saa saba wote tupatikane, baada ya saa kumi na mbili jioni ujumbe usubiri, na dharura ni hizi na hizi.

Sasa kazi yangu ni kuwasaidia waajiri wadogo wa Voi na Taveta kuandika mikataba: wenye maduka ya jumla, shule za binafsi, zahanati, hoteli za watalii wanaopita kwenda Tsavo. Karibu wote huanza kwa kuniambia kwamba mambo haya ni ya watu wa kompyuta wa Nairobi, kwao haiwezekani. Halafu tunakaa, tunaweka madaftari mawili kwenye meza kama nilivyofanya shambani, lini watu wapo na lini kazi ipo, na mara nyingi hayalingani. Duka moja la jumla lilikuwa na wahudumu wote wamejaa saa nane mchana, wakati wa joto ambao hata nzi hatembei, na wachache saa kumi na mbili jioni wateja wakiwa foleni.

Wapo ambao kazi yao haihamishiki, na hapa wataalamu wengi hupita haraka. Mlinzi hawezi kulinda kutoka nyumbani. Mpishi wa shule lazima uji uwe tayari saa nne. Muuguzi hawezi kumwambia mgonjwa angoje. Lakini nimeuliza walinzi wanachotaka, na hawakutaja nyumbani. Walitaja ratiba: kujua wiki mbili kabla nani ana usiku gani, na kuruhusiwa kubadilishana wao kwa wao bila kwenda kumpigia mtu magoti. Zahanati moja ilianza kubandika zamu mapema na kuwaachia wauguzi wabadilishane kwa sahihi mbili kwenye daftari. Haikugharimu shilingi. Mwenye zahanati aliniambia shida yake kubwa ya zamani, watu kujitia ugonjwa siku ya harusi, ilikuwa imepungua sana, maana mwenye harusi sasa anatafuta mwenzake wa kubadilishana naye badala ya kutafuta cheti cha daktari.

Na kuna waajiri ambao nimewashauri wasijaribu, angalau kwa sasa. Kama hujui kazi ya mtu wako inapimwaje, kama malipo yake huchelewa, kama hata likizo ya siku 21 unampa kwa shida, usimletee habari za kuchagua saa. Atadhani, na atakuwa sahihi, kwamba unatafuta njia ya kumpunguzia.

Kwingine ombi la namna hii limewekwa kwenye sheria: Uingereza walianza mwaka 2003 kwa kuwapa wazazi wa watoto wadogo haki ya kuomba mpango mwingine wa saa, wakaipanua kwa waajiriwa wengi zaidi mwaka 2014, na tangu Aprili 6, 2024 mtu anaweza kuomba kuanzia siku yake ya kwanza kazini. Ni haki ya kuomba tu. Mwajiri anaweza kukataa, lakini lazima atoe sababu. Kenya bado haijampa mfanyakazi haki kama hiyo, na sioni Bunge likiharakisha.

Lakini wewe mwajiri wa Taveta, wa Voi, wa Mwatate, huhitaji kulisubiri. Mwite mtu mmoja ambaye daftari lako linamwonyesha mwekundu kila wiki, muulize wiki yake inakwendaje, kisha mwandike karatasi moja yenye saa mlizokubaliana, tarehe ya kuitazama tena, na sahihi mbili. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinakutaka tayari ushauriane naye kabla ya kubadilisha saa zake, na umjulishe badiliko hilo kwa maandishi.